Nikon 200-500mm kwa picha za wanyama kinyume na jua: rivyuu yangu kutoka Tarangire

Niseme mapema kwa wenye haraka: kama una Nikon ya DSLR (kamera ya kuchungulia kwa kioo) na roho yako iko kwenye picha za wanyama zilizopigwa kinyume na jua, hii lenzi ya AF-S 200-500mm f/5.6E ED VR itafute, hata ya mtumba, na usisumbuliwe na wanaosema imeshapitwa na wakati. Mi naitumia na kamera ya D500, mbuga ninayoenda mara nyingi ni Tarangire, na karibu kila kitu hapa chini kinahusu mwanga wa nyuma tu, maana rivyuu za jinsi inavyopiga jua likiwa mgongoni kwako ziko tele na kwa hali hiyo karibu kila lenzi ya siku hizi iko vizuri.

Kuhusu lenzi yenyewe kwa ufupi. Ilitoka 2015, ndani ina vioo 19, vitatu kati yake ni vya ED (kioo maalumu cha kupunguza kingo za rangi kwenye picha), mdomo wa mbele unachukua filta ya milimita 95, na uzito ni kilo 2 na gramu 300 ikiwa na ile pete ya kufungia tripodi. Bei ilipotoka ilikuwa kama dola 1,400 za Marekani, na mwaka huohuo Nikon walitoa 500mm f/4 mpya iliyovuka dola 10,000, kwahiyo unaelewa kwa nini watu wa kipato cha kawaida tulishukuru sana. Ukiifunga kwenye D500 yenye sensa ndogo ya DX unapata muonekano wa lenzi ya milimita 300 mpaka 750, na kwa urefu huo hata ndege wa juu ya mbuyu unamfikia.

Sasa kwa nini mtu ahangaike kupiga kinyume na jua. Wengi tumefundishwa jua likae mgongoni, na madereva wengi wa safari wamezoea hivyohivyo, wakiona simba wanazunguka fasta ili mgeni apate uso wenye mwanga. Picha inatoka safi, kila kitu kinaonekana, ila mnyama anakuwa bapa, hana umbo. Mweke kati yako na jua la saa moja asubuhi uone, kila unywele wa pembeni unashika mwanga, na kuna wanyama ukiwaona hivyo unaweza kusema wameumbwa kwa ajili ya hiyo saa. Chukua ngiri, mnyama ambaye watu wengi hata hawaombi gari lisimame kwa ajili yake. Ana singa ndefu kuanzia kisogoni mpaka mgongoni, mchana hazina lolote, zimelala tu rangi ya udongo, lakini jua la chini likiwa nyuma yake zinawaka moja moja mpaka unaweza kuzihesabu, na akianza kukimbia mkia umesimama wima kile kishungi cha mwisho nacho kinawaka peke yake kule juu. Swala pala je? Masikio yake ni membamba kiasi kwamba mwanga unapenya, yanakuwa mekundu na mishipa ya damu inaonekana ndani, matawi yake yote, na akigeuza sikio kidogo tu basi imezima. Hiyo nusu sekunde ndo inayonifanya niamke usiku wa manane kwenda kupanga foleni langoni.

Af kuna tembo na vumbi, na hapa Tarangire haina mpinzani kwangu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba nyasi zimekauka, mto umebaki na maji kidogo, tembo wanakuja makundi kwa makundi wanachimba mchanga wa mtoni kwa miguu na mkonga wapate maji ya chini, wakishakunywa wanapanda ukingoni na kujirushia vumbi. Lile vumbi ukiwa na jua mgongoni ni uchafu wa kahawia unaomficha mnyama. Ukiwa upande wa pili linakuwa dhahabu, unaona miale ikipita katikati ya miguu, unaona kivuli cha mkonga kimechorwa hewani kwenye vumbi lenyewe. Na jiografia inakusaidia, mto unatoka kusini kwenda kaskazini kwahiyo barabara nyingi za kando yake zinaufuata, asubuhi ukikaa upande wa magharibi wanyama waliopo mtoni wako kati yako na jua, jioni unavuka upande wa pili. Mbuga ina kilomita za mraba 2,850, huhitaji kuizunguka yote, kwa picha za aina hii mto unatosha kabisa.

Tuje kwenye lenzi sasa. Kitu cha kwanza kinachoifanya ifae ni hiyo apecha (tundu la kupitishia mwanga) ya f/5.6 isiyobadilika kutoka 200 mpaka 500. Kwenye mwanga wa nyuma huwezi kuiachia kamera iamue mwanga kila fremu, kwa sababu tembo akisogea kidogo akaziba jua kamera inadhani kumekuwa giza, inaongeza, na ule ukingo wa dhahabu unaungua unakuwa mweupe hovyo. Kwahiyo unapiga manual, unaweka kipimo kimoja unakiacha. Lenzi za zumu ambazo apecha inabadilika ukivuta, zile za f/5 mpaka 6.3, zikifunguliwa mpaka mwisho kila ukivuta mwanga nao unapungua na kipimo chako kinahama bila wewe kugusa kitu. Hii haifanyi hivyo. Navuta kutoka kundi zima la tembo mpaka jicho na kope za mmoja, mwanga ni uleule, na kwa asubuhi ambayo mwanga mzuri wenyewe unakaa dakika chache hiyo ni raha kubwa sana.

Cha pili ni zumu yenyewe. Gari haliruhusiwi kuacha barabara ndani ya hifadhi, na hiyo sheria naiunga mkono kwa moyo wote, nimeona majani yaliyokanyagwa na matairi na vitu vinavyotambaa humo hawana pa kukimbilia. Maana yake ni kwamba wewe huchagui umbali, anachagua mnyama. Mwenye 500 isiyovutika tembo akisogea karibu anabaki anapiga picha ya goti lake tu. Halafu picha ya mwanga wa nyuma inahitaji kitu cheusi nyuma ya mnyama, kama kivuli cha miti, ukingo wa mto uliokatika, au shina la mbuyu, bila hivyo ule ukingo wa mwanga hauonekani maana umelala juu ya anga jeupe. Kwa 500 kwenye D500 lenzi inaona nyuzi 3 na ushee tu, ni kipande kidogo mno cha dunia, kwahiyo gari likisogea nusu mita mandhari yote ya nyuma inabadilika. Hapa ndipo dereva anapokuwa nusu ya picha. Nikipata dereva anayeelewa nashukuru Mungu, namwambia "kaka rudi nyuma kidogo, kidogo tena, hapohapo, zima" na anaelewa kwamba nataka kichwa cha twiga kiangukie kwenye kivuli cha mgunga na sio angani. Asiyeelewa mueleze kabla hamjaingia langoni, muonyeshe picha mbili tatu kwenye simu, wengi wanaipenda hiyo kazi wakishaona inatafuta nini, na baada ya hapo wao ndo wanaanza kukutafutia pembe kabla hujasema.

Sasa udhaifu, na huu ni wa kweli. Hii lenzi haina ile Nano Crystal Coat, utando wa juu ya vioo wa kuzuia mwanga kuakisi, ambayo Nikon wameweka kwenye lenzi zao ghali, ina Super Integrated Coating tu. Jua likiwa nje ya fremu lakini linapiga kioo cha mbele moja kwa moja, picha inapauka, weusi unakuwa kijivu, na jua likiingia ndani ya fremu kabisa unaweza kupata madoa ya mwanga yamepangana kwa mstari. Kwa watu wa mwanga wa nyuma hili si jambo dogo. Lakini linadhibitika, na mi njia zangu ni za kawaida tu. Hudi yake (kikingio cha mdomoni), HB-71, haitoki kwenye lenzi kamwe. Jua likiwa chini sana hudi pekee haitoshi, basi natafuta cha kulizibia, nguzo ya paa la gari inatosha, tawi la mti linatosha, hata kofia iliyoshikwa na mwenzako juu ya mdomo wa lenzi inatosha ilimradi isiingie kwenye fremu. Na bora kuliko yote ni kulificha jua nyuma ya mnyama au mbuyu wenyewe, na Tarangire mibuyu haikosi.

Filta ya UV toa. Najua wauzaji wanaipenda kuiuza pamoja na lenzi kama kinga, na siku ya kawaida haina shida kubwa, ila kinyume na jua hicho kioo cha ziada bapa kinarudisha mwanga ndani kwa ndani na kukuzidishia madoa. Vumbi nalo vilevile. Barabara za kule ukipishana na gari moja tu kioo cha mbele kimeshapata unga mwembamba, ambao mchana huuoni kwenye picha, lakini jua likipiga kila chembe inawaka na picha nzima inapoteza makali. Nabeba kipulizio cha mpira na brashi laini, napuliza kwanza ndo nafuta, sio kufuta moja kwa moja maana hapo unasugua mchanga kwenye kioo. Na kwa kuwa mrija wa lenzi unatoka nje ukivuta kwenda 500, ukimaliza rudisha 200 ufunge ile loki yake, funika na kitenge au khanga gari likiwa linatembea. Khanga ni kifaa cha safari, msiidharau, inazuia vumbi, inafuta jasho, ukijifunika kichwani nayo unaona skrini vizuri juani.

Fokasi. Kwenye mwanga wa kawaida iko sawa, sio ya haraka kama zile za dola elfu kumi lakini kwa mnyama anayetembea huwezi kulalamika. Kinyume na jua upande wa mnyama unaokutazama ni kivuli, hauna kontrasti, na lenzi inaweza kuanza kwenda mbele na kurudi huku simba anapiga miayo. Dawa yake ni kutolenga katikati ya mwili, lenga pale mwanga unapokutana na giza, ncha ya sikio, ukingo wa pua, mstari wa mgongo. D500 ina pointi 153 za fokasi na 99 kati yake ni za msalaba (zinashika mistari ya wima na ya mlalo), tumia pointi moja uliyoichagua mwenyewe, usiachie kamera itafute. Pia kwenye lenzi kuna swichi ya kuizuia isihangaike na vitu vilivyo karibu kuliko mita 6, iwashe, mnyama aliye karibu zaidi ya hapo ni nadra na inapunguza sana ule utafutaji.

Vipimo ninavyoanzia, maana najua vitaulizwa: asubuhi jua likiwa limetoka tu na liko nyuma ya mnyama, f/5.6, shata 1/1600, ISO 400 mpaka 640, RAW (faili ghafi) siku zote. Napiga moja, naangalia yale maeneo yaliyoungua yanayopepesa kwenye skrini, kama ukingo wa manyoya unapepesa wote nashusha mwanga, kama unapepesa kidogo tu kwenye ncha naacha. Wasiopenda manual, D500 ina upimaji wa mwanga unaolinda sehemu nyeupe, ule wenye alama ya kinyota, huo unafaa sana kwa kazi hii ila utakutolea mnyama mweusi kabisa, kivuli tupu chenye mstari wa mwanga. Kama hiyo ndo picha unayotaka, safi. Kama unataka na macho yaonekane basi ongeza kidogo, halafu vivuli utavivuta kwenye kompyuta, faili za hii kamera zinavumilia. Makali ya lenzi yanaongezeka kidogo ukiibana mpaka f/8, lakini asubuhi ile mwanga hautoshi kwa anasa hiyo, na ikiwa 5.6 mandhari ya nyuma inalainika vizuri zaidi.

VR yake, yaani kitulizi cha mtikisiko, ni nzuri mno, Nikon wanasema stopu 4 na nusu (kila stopu unaweza kutumia shata ya polepole mara mbili), na kwenye gari inasaidia ila kwa sharti moja, injini izimwe. Gari likinguruma mtikisiko unapanda mpaka kwenye lenzi na kwa 500 hauponi hata kwa shata ya haraka. Mfuko wa maharage juu ya paa la gari lililoinuliwa au dirishani ni bora kuliko tripodi yoyote, ubebe mtupu, maharage au mchele nunua njiani. Mnyama akikimbia weka swichi ya VR kwenye SPORT. Uzito wa lenzi utausikia ukimsubiri chui ageuke, mikono inatetemeka, na pete ya kuvutia inazunguka njia ndefu, kutoka 200 mpaka 500 kwa mkupuo mmoja wa mkono ni kazi, unashika tena mara ya pili. Kwa duma anayekuja mbio hiyo inaweza kukunyima fremu, kwahiyo kwa wanyama wa kasi mi nachagua urefu kabla hajaanza kukimbia nabaki nao. Na nguo zenu jamani, nyeusi na bluu acheni nyumbani, ndorobo wa Tarangire wanazifuata hizo rangi na huwezi kushikilia kilo mbili za lenzi huku unapigwa sindano shingoni.

Saa. Kule jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda na dakika kadhaa kutegemea mwezi, lango linafunguliwa saa kumi na mbili, kwahiyo wanaolala ndani ya hifadhi au jirani na lango wana faida kubwa kuliko anayetoka Arusha, ambako ni kama kilomita 120 kwa barabara ya Dodoma. Kufika saa tatu asubuhi kipindi cha kiangazi ardhi inaanza kupasha hewa ya juu yake na picha za mbali zinacheza kama zimepigwa kupitia maji, hilo sio kosa la lenzi na hakuna lenzi ya bei yoyote inayolitibu, watu wengi wanairudisha dukani bure kumbe ni hewa. Pumzika, rudi saa kumi jioni.

Halafu jambo la usalama ambalo naliona halisemwi vya kutosha. D500 na DSLR zote unachungulia kwa kioo, unachokiona ni mwanga wenyewe uliopita kwenye lenzi. Ukilenga jua kwa 500 unachoma jicho, na uharibifu wa retina hauumi wakati unatokea. Jua likiwa tayari limepanda na linauma macho, usichungulie kabisa kuelekea kwake, tumia skrini ya nyuma kwa muda mfupi au lifiche nyuma ya mnyama. Wenye watoto kwenye gari, msiwape lenzi hii wachezee kutazama angani.

Mbadala upo. 500mm f/5.6 PF ya 2018 ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, ni nyepesi na kali sana, fokasi yake ni ya haraka, ila haivutiki na bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hii. Kwa waliohamia kamera za Z (za Nikon zisizo na kioo cha ndani) kuna 180-600 ya 2023, mrija wake hautoki nje ukivuta, jambo ambalo kwa vumbi letu ni zuri sana, ila apecha yake inashuka mpaka 6.3 ukivuta, na nimeshaeleza hilo linamaanisha nini kwenye manual. Mwenye kamera mpya ya Z na bajeti, achukue hiyo. Mwenye D500, D7200, D7500, D750 au D850 abaki na 200-500 kwa amani, na hata akihamia Z baadaye itafanya kazi kwa adapta ya FTZ.

Kwa anayenunua mtumba. Ile herufi E kwenye jina ina maana apecha inaendeshwa kwa umeme, kwahiyo kamera za zamani kama D90, D80, D200 na D3000 hazitaweza kuibana, utabaki 5.6 maisha yote, uliza kwanza kabla hujatuma hela. Ukiishika, vuta 200 mpaka 500 na kurudi mara kadhaa usikilize kama kuna mchanga unakwaruza, washa VR uone taswira inatulia, kisha chukua tochi ya simu umulike kutoka nyuma ukiangalia kwa mbele. Vumbi kidogo ndani halina shida. Unachotafuta ni nyuzinyuzi nyeupe za fangasi, hasa kama lenzi imekaa Dar, Tanga au Zanzibar kwenye kabati lisilo na hewa, kwa sababu fangasi kwenye picha ya kawaida unaweza usiione miaka, lakini kinyume na jua itakutolea ukungu kila fremu, na kuisafisha ndani ya lenzi yenye vioo 19 kunaweza kukugharimu kiasi cha kuifanya ile bei nafuu isiwe nafuu tena. Ukiziona hizo nyuzi, mshukuru muuzaji kwa muda wake na uiache hapohapo.